Kovu la shingo na harusi za Mombasa

Mtu akiniona Marikiti au kwenye feri ya Likoni hawezi kujua kwamba nimepasuliwa shingo. Nimevaa buibui, mtandio umeziba kila kitu. Ndiyo maana nyumbani walidhani sina tatizo. "Kwani nani atakuona, mwanangu?" mamangu aliniuliza. Wanawake wenzangu ndio watakaoniona. Sisi urembo wetu twaonyeshana ndani, harusini, mabuibui yakishavuliwa: dhahabu, hina, gauni limekatwa shingo. Na hakuna jicho linalochambua kama la mwanamke aliyeketi mkabala nawe akingoja biriani.

Nilikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Lilikua mpaka chakula kikawa chanikwama, na nikilala chali pumzi zanibana. Walioniambia ni hasadi walikuwa wengi kuliko walioniambia niende hospitali. (Wengine walinilaumu kwa chumvi, eti sili yenye ayodini, madini ambayo tezi hiyo huyahitaji. Chumvi ya madukani Kenya hutiwa ayodini kwa sheria, na rovu lina sababu nyingi.) Tezi ikatolewa yote, na tangu hapo nameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Ramadhani nakimeza nusu saa kabla ya daku. Hilo nililizoea upesi. Kovu ndilo lililonishinda: mstari uliolala chini ya koo, mweusi kuliko ngozi yangu, upande mmoja umefura kidogo.

Daktari alinieleza kwamba kovu huchukua mwaka, pengine mwaka na nusu, kutulia, na kwamba jua hulizidisha weusi. Mshono uliposhikana sawasawa akaniambia nilikande kwa kidole na mafuta kidogo. Mwanzo nilikuwa nalikanda nimefumba macho. Pale pamekufa ganzi, ni kama kugusa shingo ya mtu mwingine. Nikimeza mate, kovu lapanda na kushuka pamoja na koo, kwa sababu limegandana na nyama ya chini. Nilianza kulitazama kiooni kwa ajili ya hilo tu, kuona kama limeachia. Likaachia polepole, na mimi huku nimeshalizoea bila kukusudia. Khalati yangu aliniletea krimu ya kuchubua ngozi, hiyo niliitupa. Liwa yake, ule unga wa mti unaonukia, nilipaka usoni.

Harusini nilienda na gauni la kola ndefu na mtandio juu yake, Januari, na joto la Mombasa mwalijua. Jasho lachuruzika, na kila anayepita aniuliza kama naumwa. Kujificha kuliniletea maswali mengi kuliko kovu lenyewe.

Harusi iliyofuata nilinunua kitambaa Biashara Street nikamwambia fundi akate shingo wazi. Mkufu mfupi ulikuwa ukikaa juu ya kovu kabisa na kulikwaruza, nikavaa mrefu ulioshuka kifuani. Kovu likabaki peke yake, laonekana. Sikuketi hata robo saa, mwanamke mmoja mezani akaniuliza:

"We, nani alitaka kukuchinja?"

"Daktari," nikamjibu, "na nikamlipa."

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Sisemi ni zuri. Lakini sasa nalala chali napumua, na alama ya jambo hilo sioni haya kutembea nayo.

Kabla hatujaondoka, mama mmoja alinivuta kando: bintiye ana uvimbe huohuo na anaogopa kisu. Nikamwambia amlete nyumbani. Nilimweleza msichana yale ambayo mimi sikuambiwa mapema: sauti yaweza kukwaruza siku za mwanzo, na akihisi vidole au midomo yafa ganzi asinyamaze, maana nyuma ya tezi hiyo kwa kawaida kuna vijitezi 4 vinavyosimamia kalsiamu mwilini. Alisikiliza, akalitazama kovu kwa karibu, akauliza hili na lile. Swali lake la mwisho lilikuwa fundi wangu ni nani. Nikampa nambari.