Usiku baba alipoacha kukoroma

Mwaka 2019 mzee wetu alifanyiwa operesheni ya ngiri, siku ya pili akaruhusiwa na kibahasha cha tramadol, dawa kali ya maumivu, kimeandikwa 1x3. Usiku wa kwanza nyumbani hakulala kabisa kwa maumivu, basi kesho yake mama akapita duka la dawa la mtaani akauziwa diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, hakuna aliyemuuliza cheti wala mgonjwa anatumia nini kingine. Mzee akala, akameza zote mbili, saa tatu hivi tukamsikia anakoroma kama kawaida yake, yaani tulifurahi, tukasema leo atapumzika.

Mimi nililala sebuleni. Kama saa saba umeme ukakatika, feni ikazima, ndo nikasikia vizuri. Anakoroma mara tatu, nne, halafu kimya. Kimya kirefu mpaka nikakaa kitako. Mara anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka toka majini, kisha kimya tena. Nikaingia na tochi ya simu nikahesabu pumzi zake dakika nzima, 6 tu, wakati mtu mzima huvuta 12 mpaka 20. Midomo rangi ya majivu. Nikamtikisa, "Baba! Baba!" anafungua macho kidogo anarudi kulekule.

Jirani, Mungu amzidishie, alitoa gari na kandambili miguuni. Hospitali wakambana kidole na kile kimashine cha kupima oksijeni kwenye damu, asilimia 79, wakamwekea oksijeni, wakamchoma naloksoni, sindano ya kuzima nguvu ya dawa kama tramadol, na kifua kikaanza kupanda mbele ya macho yangu. Dokta akasema asilale bila mtu wa kumwangalia maana sindano ile huisha nguvu mapema kuliko tramadol yenyewe. Akatueleza kwamba ubongo ndo unaopima hewa chafu kwenye damu, ikizidi unaamrisha mtu avute pumzi, sasa tramadol inauzubaisha, diazepam inazidi kuuzubaisha na juu ya hapo inalegeza misuli ya koo, na kwa mkoromaji kama mzee koo lilishazoea kujiziba hata bila dawa.

Mama alisikiliza yote kashika kibahasha. Akauliza kitu kimoja tu, "Kwa hiyo ni mimi?" Dokta akavuta kiti akakaa karibu yake, akamwambia, "Mama, wewe ulitaka alale. Aliyekuuzia ndo alitakiwa akuulize."

Hakujibu. Aliweka kiganja kifuani kwa baba, na mpaka adhana ya alfajiri hakukitoa.