Siku yangu moja na viwavi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke

Saa 11 alfajiri nishaamka. Viwavi hawajui wikendi wala sikukuu, wanakula usiku kucha na kukikucha majani yameisha kumebaki vijiti. Mimi nafuga vipepeo hapa kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, kutoka nyumbani mpaka msituni ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu, na najua watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nikikimbizana na wadudu kama mtoto. Ngojeni niwaeleze.

Mpaka saa 1 nimefagia vinyesi, nimebadilisha majani, nimehesabu, watoto wamekunywa chai wameenda shule.

Kazi yenyewe iko hivi. Kipepeo jike namshika msituni kwa kibali, namtia kwenye neti kubwa pamoja na mti wake. Nasema mti wake kwa sababu kila mmoja ana wake, huyu wa ndimu atataga kwenye mndimu na jamaa zake tu, ukimwekea mwembe hatagi ng'o, mwingine yeye anataka mtopetope mwitu. Ndo maana shamba langu limejaa vichaka ambavyo zamani tulikuwa tunafyeka na kuchoma makaa, leo naviotesha kwenye mifuko na kuvimwagilia kama mchicha. Kiwavi wa ndimu akiwa mdogo utaapa ni mavi ya ndege, hiyo ndo kinga yake asiliwe, akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali, hiyo harufu nakula nayo ugali. Akishageuka pupa, yaani amejifungia ndani ya ganda kabla ya kutoka kipepeo, nampeleka Gede kwa mradi wa Kipepeo, uko chini ya Makumbusho ya Taifa tangu 1993, wao ndo wanawasafirisha kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, huko watu wanalipa kiingilio kuwaona wakiruka.

Saa 3 ndo siku ikaharibika. Nafungua boksi la tatu nakuta viwavi kumi na wawili wamelegea, wananing'inia kwa miguu ya nyuma, maji ya kijani yanawatoka mdomoni. Nikajua ni dawa. Majani ya hilo boksi nilikata jana jioni kwenye ndimu zangu za mpakani, na jirani yangu jana asubuhi alipiga dawa matikiti yake na upepo ulikuwa unakuja kwetu. Nikaenda. Nimemkuta na pampu mgongoni tena! Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwambia baba dawa yako imeniulia viwavi, akacheka, akasema wewe unalilia wadudu na mimi wadudu wananimalizia shamba, kwani hao wako si ndo wanakula machungwa yangu? Nikamweleza wangu wako ndani ya maboksi na neti hawatoki. Akasema hapana. Tukabishana hapo juani karibu saa nzima, mpaka mkewe akatuletea maji. Mwisho nikamshika mkono nikampeleka kwenye ua la tikiti, nikamwonyesha nyuki ndani, manjano mwili mzima kwa ule unga, nikamwambia baba huyu akifa hili ua linanyauka hupati tikiti, na maua haya yanafunguka asubuhi, saa ileile unayopiga dawa. Akanyamaza akiangalia. Akasema basi nitakuwa napiga jioni, na nitakutumia mtoto kukwambia siku moja kabla. Hakuniomba radhi na wala sikungoja radhi, lakini ile pampu aliitua.

Nimerudi nimechoka kama nimelima, na pupa za kupeleka bado hazijafungwa. Moja moja unaiviringishia pamba kwa ncha za vidole, ukiibonya tu bawa limeharibika hata kabla halijatoka. Bodaboda kasema anakuja sasa hivi, hiyo sasa hivi ikawa saa 7 na nusu, halafu njiani akasimama kushusha gunia la mkaa, halafu akasimama tena kuweka mafuta, na mimi boksi nimelipakata nalikinga jua kwa leso kwa sababu pupa ikipata joto inakufa humohumo ndani na huwezi kujua mpaka imefika ng'ambo haifunguki.

Pale Gede wamepokea zote isipokuwa moja, ilikuwa imeiva sana, rangi za mabawa zishaonekana kwa nje, haiwezi kusafiri. Sikubisha, ni haki yao.

Nimefika nyumbani jua limezama. Mgongo unauma, majani ya usiku bado sijakata, saa ngapi hata sikuangalia. Watu wananiuliza kwani inalipa, na mimi nawaambia karo imelipika, na ule msitu wa kilomita za mraba 420, wenye bundi wa Sokoke na yule sengi, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya dhahabu, sasa una watu kama mimi wanaokimbilia kuulinda wakisikia shoka.

Usiku nimezunguka na tochi kuangalia siafu. Miguu ya meza ya maboksi ya viwavi nimeisimamisha kwenye makopo ya maji na oili chafu, nimeongeza maji kwenye kopo moja lililopungua. Ile pupa iliyokataliwa nimeining'iniza kwenye kijiti karibu na dirisha. Imekuwa nyeusi kabisa na madoa ya manjano yanaonekana, kesho asubuhi atatoka, na akiwa jike namtia kwenye neti ya ndimu.