Fundo la Mbuzi

Mjomba alikataa katakata kuondoka Kibirizi bila mtumbwi. Ilikuwa Julai 2011, nimerudi Kigoma likizo, nimemleta rafiki yangu wa chuo ambaye sote tulimwita Injinia ingawa alikuwa bado mwaka wa tatu. Boti ilikuwa imeshasheheni: madumu ya petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, hema la kuazima, sufuria, unga wa muhogo, chupa mbili za mawese. Mashine ilikuwa Yamaha ya nguvu farasi 15. Injinia akautazama ule mtumbwi wa gogo uliofungwa nyuma, umepauka kwa jua, ufa wake umezibwa kwa bati la debe, akaanza hesabu zake.

"Mzee, huu utatulia mafuta bure. Chochote unachokokota kina gharama."

"Sawa, mgeni. Na ukifika huko utashukaje? Utaogelea na unga kichwani?"

Tulikuwa tunakwenda kusini, zaidi ya kilometa 100, hadi chini ya milima ya Mahale. Pesa ya kulala hifadhini hatukuwa nayo, lakini Mjomba alijua kighuba kimoja upande wa kaskazini, nje ya mpaka, ambako wavuvi hukimbilia ziwa likichafuka, na siku nyingine zote hakuna mtu. Barabara ilikuwa haifiki. Sisi vijana wawili tulitaka hivyo hasa: mahali pasipo na barabara.

Saa ya kwanza Injinia alionekana ana haki. Mtumbwi ulikwenda mrama kama mlevi. Mara utukimbilie nyuma utake kugonga mashine, mara ukae upande na kuchota maji. Mjomba akazima mashine, akauvuta. Yale madumu mawili tuliyoyaweka mbele akayasukuma hadi nyuma, pua ikainuka. Kamba tuliyoifunga juu, kwenye ubao, akaifungua na kuipitisha kwenye tundu la chini, karibu kabisa na maji. Kisha akawasha, akaanza kuilegeza kamba kidogo kidogo, macho yako nyuma, mpaka mtumbwi ukakaa mgongoni mwa wimbi la pili tunaloliacha. Hapo ukatulia. Ukafuata kama ndama. Injinia akasema jambo kuhusu kani na pembe. Mjomba akamwambia afumbe mdomo asimeze maji.

Tulilala Sigunga. Kesho yake alasiri tukaingia kighubani, Nkungwe iko juu yetu na mita zake 2,462, kilele kimezama mawinguni.

Mjomba akashusha nanga. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha. Nanga inaning'inia tu. Na ufuko uko pale, unaweza kuurushia jiwe! Injinia alikuwa amesoma kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba ni Baikal peke yake, kule Urusi, inayolizidi, lakini nadhani alifikiri kina hicho kiko katikati, mbali huko. Pale mlima unashuka na kuingia majini bila kupumzika. Kuiburuta boti nchi kavu haikuwezekana, ufuko wenyewe ni mawe matupu. Basi ikabaki kuelea, imefungwa kwa kamba ndefu hadi nchi kavu, na mtumbwi ndio ukafanya kazi ya punda: safari sita za mizigo, mtu mmoja akipiga kafi na mwingine amekumbatia unga.

"Mjomba, funga hiyo kamba," akaniambia. Ndivyo tunavyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.

Palikuwa na mwamba mmoja mrefu kama kisiki. Nikapiga lile fundo ninalolijua tangu utotoni, la kufungia mbuzi wa bibi kule Ujiji. Nikalivuta. Likakaza.

Jioni ile niliipenda kuliko jioni nyingi za maisha yangu. Mimi na Injinia tuliuchukua mtumbwi, tukaambaa na miamba bila kelele. Maji meupe, unaona samaki wadogo wa buluu na njano wakigombania jiwe mita kadhaa chini, kila mmoja na eneo lake. Kwa boti usingewaona. Mashine ikinguruma tu wanapotea, na hata wewe mwenyewe huwa huangalii. Sokwe wakaita kutoka msituni, kwanza mmoja, kisha kundi zima, sauti ya kupanda na kupanda hadi mwili unasisimka. Injinia akaacha kupiga kafi. Hakufanya hesabu yoyote.

Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma iliyopakwa mawese, tukalala.

Saa nane usiku nikatoka kukojoa. Hapakuwa na mwezi. Upepo wa mlimani, ule unaoteremka usiku kwenda ziwani, ulikuwa umeanza. Nikamulika tochi majini nikaona maji. Nikamulika kushoto, kulia. Maji.

"Mjomba! Boti!"

Alitoka na kikoi, hakuuliza swali. Tukausukuma mtumbwi, Injinia akabaki ufukoni na tochi tuione njia ya kurudi. Tulipiga kafi sijui kwa muda gani. Tochi ya Injinia ilikuwa imekuwa nukta tulipoiona boti, imekaa upande, inakwenda zake taratibu Kongo. Nikarukia ndani. Mjomba akaja mpaka kwenye mashine, akajipapasa kiunoni. Akajipapasa tena.

Mashine ile ina kikamba chekundu chenye kipande cha plastiki. Bila kukichomeka haiwaki. Mjomba alikuwa hukichomoa kila jioni kwa ajili ya wezi, akakitia mfuko wa shati. Shati lilikuwa kwenye hema, ndio mto wake.

"Bakia humu," akasema. "Ukiona mwanga wangu, nimulikie." Akageuza mtumbwi, akamezwa na giza.

Nilikaa. Kwa mbali, wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha karabai zao, taa baada ya taa, utadhani mji. Walikuwa mbali mno kunisikia, nilijaribu. Nikaikumbuka meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha 1916 baada ya kuzipaka mashine zake grisi, na Waingereza wakaja kuiinua 1924 ikafanya kazi tena. Miaka mingi chini ya maji na ikawaka, na hii ya kwetu imekauka kabisa, ina mafuta tele, haiwaki kwa sababu ya shati.

Kujipa kazi, nikaanza kuvuta kamba iliyokuwa ikiburuzika majini. Nilitaka kuona mwamba umeikata vipi. Ikaja, baridi, hatua baada ya hatua, mpaka ncha ikanifikia mkononi. Nikaimulika. Haikukatwa. Ncha ilikuwa nzima, imechomwa moto vizuri kama ilivyotoka dukani, na hatua moja kutoka hapo palikuwa na vijikunjo viwili pale fundo lilipokuwa.

Nikazima tochi.

Nilichosikia kwanza ni kafi ikigonga ubavu wa mtumbwi, ngo, ngo, ngo. Alikuwa akigonga makusudi, nijue ni yeye. Nikamulika. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, kile kikamba chekundu amekiuma kwa meno.

Asubuhi Injinia akatueleza habari ya msuguano: jinsi kamba ya nailoni inavyosagwa na mwamba usiku kucha hadi nyuzi za ndani zinachoka. Aliieleza vizuri. Mimi nilichochea moto. Mjomba alikuwa ameketi na ile ncha ya kamba mkononi, anaizungushazungusha kwa vidole, gumba linapita juu ya vile vijikunjo.

"Mbuzi wako alikuwa mkubwa, mjomba," akasema. Injinia akaniangalia. Nikasema chai iko tayari.

Tulikaa siku mbili zaidi, na kila jioni boti aliifunga mwenyewe. Siku ya kuondoka, mizigo imeshapakiwa, akanitupia kamba ya mtumbwi.

"Funga."

Nikaipitisha tundu la chini. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, nikaongeza na kitanzi kingine juu yake. Hakuangalia. Aliwasha mashine, akalegeza kamba mpaka mtumbwi ukakaa mgongoni mwa wimbi la pili, akageukia mbele. Injinia akalala usingizi juu ya hema. Mimi nilikaa nyuma kabisa, mgongo nimeupa Kigoma, macho kwenye lile fundo hadi Sigunga.