Baskeli ya umeme kwenye vilima vya Pemba

Nikisimama sokoni Chake, swali la kwanza huwa, "Hii unaitia mafuta gani?" Kabla sijalijibu, mwengine ameshadakia: "Na mvua ikinyesha haikupigi shoti?" Nina mwaka na ushei nayo sasa, na hayo ndiyo maswali mepesi.

Niliinunua Unguja. Nilitaka kuja nayo kwa ndege, nikaambiwa betri ya litiamu ya ukubwa ule haipandi ndege ya abiria: mwisho ni wati-saa 160 (ndicho kipimo cha umeme unaobebwa na betri), na yangu ina 374. Basi ikaja kwa meli hadi Mkoani, nami nikaipanda pale pale bandarini kuelekea Chake. Muuzaji alikuwa ameniapia kilomita 60 kwa chaji moja. Nadhani hajapata kukanyaga Pemba. Huku kwetu unashuka bonde, unapanda kilima, hujavuta pumzi unashuka tena. Sijafika Chake, mota ikanyamaza. Nikabaki kusukuma kilo 24 za chuma, shati limenigandia mgongoni, na mzee aliyekuwa akianua karafuu kwenye jamvi kando ya njia akaniita: "Mwanangu, ndiyo hiyo inayokwenda yenyewe?"

Muuzaji alitia chumvi, lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Njia nzima nilikaa kitako nikisokota eksileta kama niko kwenye pikipiki, miguu imetulia. Siku hizi naanza kupiga pedeli kabla kilima hakijaanza, gia nyepesi, msaada wa mota nauweka namba mbili. Betri ile ile inanifikisha kilomita 35, mara nyengine 40.

Na vile vijiti vya chaji kwenye kioo usiviamini ukiwa mlimani. Mota ikivuta sana vinashuka hadi kimoja, ukifika juu vinarudi vitatu. Fundi redio mmoja alinifundisha kupima kwa mita betri ikiwa imepumzika: ikijaa husoma volti 42, ikisoma 36 ujue zaidi ya nusu imeshaliwa, na karibu na 30 inajizima yenyewe.

Gharama? Kuijaza kutoka sifuri haifiki nusu uniti ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Ni kama pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo chini ya nusu saa.

Mvua nayo haijanidhuru, ila sipiti kwenye maji yanayofika kwenye mota, wala siioshi kwa mpira wa maji ya nguvu. Kilichonitia hasara ni chumvi. Nakaa Wesha, upepo wa bahari unaingia hadi kabatini. Mwezi wa tano baskeli ikaanza kukatakata moto njiani. Kuchomoa betri, nikakuta shaba za plagi zimeota ukijani. Nikazisugua kwa mswaki mkavu, nikapaka vaselini kidogo pembeni. Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi naifuta baskeli kwa kitambaa chenye unyevu, na mnyororo naupaka oili.

Kuchaji ndiko kulikozua mjadala nyumbani. Mke wangu alikataa betri isilale chumbani, na haki iko kwake: litiamu ikishika moto huizimi kwa ndoo ya maji. Inakaa ukumbini juu ya saruji, mbali na mapazia. Nikitoka juani naiacha ipoe kwanza. Naichomeka baada ya isha na kuichomoa kabla ya kulala, na umeme ukikatika naichomoa hapo hapo, maana umeme wetu unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari ukirudi, wakati mwengine hurudi kwa kishindo.

Juzi mpwa wangu alikuja kuniomba aende nayo Wete, kama kilomita 30. Nikamuuliza, "Utapiga pedeli?"

Akacheka. "Mjomba, sasa umeme wa nini?"

Nikamtia nauli ya gari mkononi.