Taa tatu za kibodi ya mwaka 1991

Nilipoichomeka kibodi yangu ya zamani kwenye kompyuta mpya, kwa kiplagi cha kugeuzia, taa zake tatu za juu kulia ziliwaka kwa pamoja, zikazimika. Nikabonyeza herufi, skrini kimya. Nikabonyeza Caps Lock, kitufe cha herufi kubwa, taa yake haikuwaka. Kompyuta haikutoa mlio wala ujumbe wa hitilafu. Ilikaa kana kwamba hakuna kitu kilichochomekwa.

Kibodi yenyewe ni IBM Model M. Lebo ya mgongoni inasomeka 1391401, na tarehe ya kutengenezwa ni ya mwaka 1991. Mimi ni mfasiri, na hiki ndicho chombo changu cha kazi. Chini ya kila kitufe kuna springi ndogo inayojikunja ghafla pale herufi inapoingia. Inatoa mlio na kukisukuma kidole juu, hivyo kidole hakisubiri kufika chini kabisa ndipo kijue kwamba kazi imefanyika. Baada ya miaka mingi nayo, sikio langu hushika kosa kabla jicho halijaliona. Neno lililoandikwa sawasawa lina mwendo wake, na herufi ikirukwa mwendo unakatika. Aliyeniuzia kompyuta alinishauri niiache hiyo ya zamani, nichukue iliyomo ndani ya boksi. Nilimshukuru, lakini sikuwa tayari kuiacha kabla ya kujua ina tatizo gani.

Nikarudi kwenye zile taa, kwa sababu zilikuwa zimeshaniambia mambo mawili tofauti.

Kibodi ya aina hii ikipata umeme hujipima yenyewe kwanza. Katika kujipima huko huwasha taa zote tatu kwa kitambo kifupi, kisha huzizima. Kwa hiyo nilipoziona zikiwaka pamoja nilijua umeme umefika na chipu ya ndani iko hai. Caps Lock ni habari nyingine. Wengi hudhani kibodi ndiyo inayoamua kuiwasha taa hiyo. Sivyo. Ukibonyeza Caps Lock, kibodi hupeleka taarifa tu kwamba kitufe fulani kimebonyezwa; kompyuta ndiyo inayorudisha amri kwamba washa taa. Taa ikiwaka, basi pande zote mbili zimesikilizana. Ya kwangu haikuwaka. Umeme ulikuwepo, mazungumzo hayakuwepo.

Kabla ya kwenda mbali nilikagua waya. Waya wa Model M hii unachomoka pia upande wa kibodi, na plagi ya huko nyuma ikilegea kidogo unaweza kuhangaika siku nzima bure. Nikaikandamiza mpaka ikaingia vizuri. Upande wa pili kuna plagi ya duara yenye pini sita, ile ya PS/2, iliyopewa jina la kompyuta za IBM za mwaka 1987. Nikaziangalia pini kwa tochi. Hakuna iliyopinda. Kisha nikaipeleka kwenye kompyuta yangu ya zamani ambayo bado ina tundu la PS/2. Niliizima kabisa kwanza, kwa sababu tundu hilo halikuundwa kwa ajili ya kuchomeka na kuchomoa mashine ikiwa inawaka, na unaweza kuunguza kitu. Nilipoiwasha, kibodi ikaandika kila herufi. Hapo nikabakiwa na mshukiwa mmoja tu: kile kiplagi cha zambarau nilichokitumia kugeuza PS/2 iingie kwenye USB.

Ningependa kila mwenye kibodi ya zamani alielewe jambo hili, maana naamini limezipeleka jalalani kibodi nyingi nzima. Kuna vifaa vya aina mbili vinavyouzwa kwa jina lile lile la adapta. Cha kwanza kinaunganisha waya kwa waya, basi. Katika zile pini sita za PS/2 zinazofanya kazi ni nne: volti 5, waya wa kurudisha umeme, data, na mapigo ya saa yanayoongoza data. USB ya kawaida nayo ina nyaya nne, na adapta hii inazishikanisha moja kwa moja. Ndiyo maana umeme ulipita na taa zikawaka. Lakini lugha ya PS/2 na lugha ya USB hazifanani hata kidogo. Adapta hiyo ilikusudiwa kwa kibodi za kipindi cha mpito, zile ambazo chipu yake inajua lugha zote mbili na inachagua kulingana na tundu ililokutana nalo. USB ilitangazwa mwaka 1996. Kibodi iliyotengenezwa mwaka 1991 ingeijulia wapi?

Cha pili kina chipu ndani, na hicho nakiita mkalimani bila kusita. Nimefanya ukalimani kwenye mikutano, najua tofauti ya mtu anayepitisha karatasi kutoka mkono mmoja hadi mwingine na mtu anayeisoma, akaielewa, akaisema upya kwa lugha ya msikilizaji. Nikibonyeza herufi A, kibodi yangu haitumi herufi A. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo: 1C nikibonyeza, halafu F0 na 1C tena nikiachia. Kompyuta ya leo kwenye USB haiijui 1C kwa maana hiyo. Kwake kitufe hicho ni 04. Isitoshe, kibodi ya PS/2 husema yenyewe wakati wowote ikiwa na jambo, ilhali ya USB husubiri kuulizwa, na kompyuta huiuliza tena na tena kwa vipindi vifupi sana. Mkalimani lazima asikilize upande mmoja muda wote, ahifadhi alichosikia, na awe na jibu tayari upande wa pili unapouliza. Kipande cha waya hakiwezi kazi hiyo.

Kwa kawaida kigeuzi chenye chipu kina kiboksi kidogo katikati na mikia miwili, wa zambarau wa kibodi na wa kijani wa kipanya. Nilipata kimoja cha namna hiyo, nikachomeka, taa zikawaka pamoja na kuzimika. Nikabonyeza Caps Lock. Ikawaka.

Furaha hiyo ilidumu nusu saa hivi. Nikiwa katikati ya aya, herufi zikaanza kupotea, kisha herufi moja ikajirudia mstari mzima bila mimi kuigusa. Nikatazama juu kulia: taa zote tatu ziliwaka kwa pamoja, zikazimika. Ushahidi ule ule tena, safari hii katikati ya kazi. Kibodi ilikuwa inajipima upya, maana yake umeme ulikuwa umekatika na kurudi.

Nilikuwa nimekichomeka kigeuzi kwenye hubu ndogo, yaani kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa kadhaa, isiyo na umeme wake, pamoja na kipanya na diski. Tundu la USB 2.0 kwenye kompyuta linaweza kukipa kifaa hadi miliampea 500, lakini hubu inayotegemea umeme wa kompyuta peke yake inaruhusiwa kutoa miliampea 100 tu kwa kila tundu lake. Kibodi za enzi ile zinakula umeme kuliko za sasa, na kigeuzi chenyewe nacho kinataka sehemu yake. Nikakihamishia moja kwa moja kwenye kompyuta na herufi zikatulia. Kwa hiyo ukiona kibodi ya zamani inarukaruka, usikimbilie kuifungua. Itoe kwenye hubu kwanza.

Siku iliyofuata nikakuta alama zimehama. Nikitaka @ naona alama za kunukuu, nikitaka alama za kunukuu naona @, na Shift na 3 inaniletea alama ya pauni. Hilo halikunitia hofu. Kama kibodi inatuma mahali na si herufi, basi anayeamua kila mahali paitweje ni mfumo wa kompyuta, na mfumo huu ulikuja umewekewa mpangilio wa Uingereza wakati kibodi yangu ni ya mpangilio wa Marekani. Nikaubadilisha kwenye mipangilio ya lugha, nikaufuta kabisa ule wa Uingereza ili usijirudishe wenyewe.

Model M ya vitufe 101 haina kitufe cha Windows pia, kwa sababu kilikuja baadaye. Ctrl na Esc kwa pamoja hufungua menyu ya Start, ila njia za mkato kama kufunga skrini zinakihitaji chenyewe. Nilitumia programu ya Microsoft PowerToys kuigeuza Ctrl ya kulia iwe kitufe hicho. Rafiki yangu mmoja alipendekeza niitoe Caps Lock kwa kuwa siitumii kuandikia. Nilikataa. Caps Lock ndiyo kipimo changu, na kila ninaposhuku jambo naigusa yeye kwanza.

Palikuwa na usumbufu mdogo pia wakati wa kuwasha: nilitaka kuingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya msingi inayotangulia Windows kuamka, lakini nilivyobonyeza hakuna kilichotokea, kompyuta ikapita moja kwa moja. Uwashaji wa haraka ulikuwa unaruka hatua ya kuamsha vifaa vya USB. Niliingia kupitia Windows yenyewe, kwa kushikilia Shift huku nikichagua kuwasha upya, nikauzima uwashaji huo wa haraka. Tangu hapo kibodi inasikika tangu mwanzo.

Kilichonitia hofu ya kweli kilikuja wiki moja baadaye. Kitufe cha A kilikuwa kinanata, na Kiswahili hakikupi nafasi ya kuikwepa A. Nikavua vifuniko vya vitufe kimoja kimoja, nikaviosha kwa sabuni na maji vuguvugu, nikaviacha vikauke usiku kucha. Asubuhi nikavirudisha huku nimeisimamisha kibodi wima ili springi zikae katikati ya vifuniko, nikaichomeka, halafu nikaifuta juu kwa kitambaa. Nilipokaa kuandika, haikuandika. Nikigonga haraka, hakuna kitu. Nilidhani nimeiua kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikaa kimya pale mezani kwa muda.

Nikaigusa Caps Lock. Haikuwaka. Nikaishikilia zaidi, labda kwa uzito wa mkono tu. Ikawaka.

Hapo nikajua kwamba mazungumzo yapo ila kuna anayeyachuja. Windows ina mpangilio wa kupuuza mibonyezo mifupi, uliowekwa kwa ajili ya watu ambao vidole vyao hutetemeka au hugusa vitufe bila kukusudia. Huanzishwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Kitambaa changu kilikuwa kimeikandamiza Shift hiyo, dirisha la kuuliza likatokea nisilitazame, na kitambaa kilipofika kwenye Enter kikalikubali. Niliuzima kwenye sehemu ya ufikivu, upande wa kibodi, na A ikaingia laini kuliko nilivyowahi kuikumbuka. Sasa nikitaka kuifuta naichomoa kwanza.

Limebaki la usingizi. Kompyuta ikilala, kugusa kitufe hakukuiamsha. Nilikwenda kwenye orodha ya vifaa, nikafungua kibodi, nikaweka alama kwenye ruhusa ya kuiamsha kompyuta. Bado. Nikaiamsha kwa kitufe cha kuwashia huku nikizitazama zile taa, na zote tatu zikawaka kwa pamoja, zikazimika. Kwa hiyo ruhusa haikuwa tatizo. Tundu lenyewe lilikuwa linakatiwa umeme kompyuta ikilala. Nikahamia tundu la upande wa pili, nikailaza mashine, nikangoja dakika mbili, nikabonyeza kitufe cha nafasi. Skrini ikafunguka pale pale nilipoiacha, kwenye sentensi niliyokuwa sijaimaliza.