Sauti ya mgonjwa

Miaka mingi nilisoma Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia wa mama kwa bintiye, kwa sauti ya ukali. Darasani ndivyo nilivyofundishwa: mama anamwonya bintiye, basi kaza koo. Nami nikawafundisha wanangu wa kidato cha tatu vivyo hivyo.

Mwaka jana nilikuwa namuuguza shangazi. Jioni moja aliniita, sikusikia. Akaita tena, mpaka nikainamisha sikio karibu na mdomo wake. Hapo ndipo neno la kwanza la utendi lilinijia: *Negema*. Yaani sogea. Hasemi “sikiliza”, anasema sogea kwanza! Na ubeti wa pili anataja sababu waziwazi:

*Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka*

Mwaka mzima kitandani, yapata 1858. Mtu wa hivyo hapazi sauti. Hata mizani nane, yaani silabi nane, za kila kipande sasa naziona kama pumzi: unasema kidogo, unatua, unaendelea. (Wataalamu wa arudhi, yaani kanuni za ushairi, watanicheka, maana tenzi nyingi zina mizani nane, hata za vita. Sawa.)

Juzi nimeusoma darasani kwa sauti ya chini, Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kama kilivyo. Nyuma wakalalamika hawasikii.

“Sogeeni,” nikawaambia.

Wakaburuta viti. Tulipofika anapomwita binti aje na wino na karatasi, msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, kwani yeye mwenyewe hakuweza tena kuandika?”

Sikuwa na jibu. Tukarudia ubeti.