Gitaa la koili moja ndani ya taarab: kumbukumbu za kazi tangu Ramadhani

Ramadhani

Mazoezi yamesimama mpaka Idd, na gitaa liko mezani kwangu Kikwajuni, limefunguliwa kifua. Ni gitaa la umbo la Stratocaster, umbo ambalo Fender, watengeneza magitaa, walilitoa mwaka 1954, lenye pikapu tatu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja. Natafuta sauti safi, kali kiasi cha kusikika baina ya fidla na akodiani, lakini isiyomrukia mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kanuni na koili moja zinagombania sehemu ile ile ya juu. Maalim wetu wa kanuni alinambia kabla mwezi haujaandama:

"Mwanangu, gitaa lako linanikata."

"Nilipunguze sauti, Maalim?"

"Usilipunguze. Lilainishe."

Basi mwezi huu nashughulika na kulainisha.

Pikapu ya koili moja ni kitu kidogo sana: sumaku sita, na waya wa shaba wa unene wa takriban milimita 0.06 uliozungushwa karibu mara 8,000. Inausikiliza uzi mahali pamoja tu, tena pembamba, ndiyo maana mlio wake unatoka wazi na kila mpigo wa kidole unasikika. Koili hiyo hiyo inanasa pia mvumo wa umeme. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipata dawa yake: koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo wa moja ukiufuta wa nyingine. Wenzangu wengi wananishauri nibadilishe, nitie hizo za koili mbili. Sitaki. Mvumo utaondoka, lakini na ule uwazi utapungua, na uwazi ndio uliofanya nilipende gitaa hili. Na taarab si ngeni kwa mlio huu. Tanga, Black Star Musical Club walikuwa wakipiga magitaa ya umeme kabla mimi sijazaliwa.

Urefu wa pikapu

Nimeanza na bisibisi na rula ya chuma. Vipimo vya Fender wenyewe ni hivi: bonyeza uzi kwenye freti (kipande cha chuma shingoni) ya mwisho, kisha pima kutoka juu ya sumaku mpaka chini ya uzi. Upande wa uzi mnene milimita 2.4, upande wa uzi mwembamba milimita 2.0. Pikapu ya daraja, iliyo karibu na nyuzi zinapofungwa kifuani, imekubali hapo hapo. Ya shingo imekataa: nikipiga uzi mnene juu ya freti ya 12, noti inayumba, unasikia kama zinalia mbili zilizopishana kidogo. Hiyo ni sumaku inauvuta uzi. Nimeishusha hadi kupita kidogo milimita 3 na noti imetulia. Sauti imepungua nguvu, naam, lakini nguvu unairudisha kwenye amplifaya kwa kuzungusha kitufe kimoja, wakati uzi unaovutwa hakuna kitufe cha kuuponya. Nikikutana na mtu mwenye gitaa la koili moja analolalamikia, kabla ya kumwambia anunue chochote nitamwambia ashushe pikapu.

Jambo jengine ni uzi wa tatu. Unapiga kelele kuliko wenzake, na nyimbo zetu nyingi melodi inapita hapo hapo. Sumaku zangu hazikulingana urefu, ya uzi wa tatu imechomoza juu, kwa mpango ule wa zamani. Mwaka 1954 uzi wa tatu ulikuwa ni wa kuviringwa (umezungushiwa waya mwembamba), wenye mlio mdogo, ukahitaji sumaku iliyo karibu. Siku hizi seti nyingi zina uzi wa tatu ulio mtupu, nao unalia zaidi. Wapo wanaoisukuma ile sumaku chini kwa kidole gumba. Kwenye pikapu za namna hii waya umezungushwa juu ya sumaku zenyewe, ukisukuma unaweza kuukata ndani na pikapu ikafa. Nimefunga uzi wa tatu wa kuviringwa, na nyuzi zote sasa zinalingana. Bei yake nimeiona mara moja: uzi huo ni mgumu kuuvuta. Kwenye rasti, mmoja wa mizani ya noti za Kiarabu, ile noti ya tatu inaangukia baina ya freti mbili, nilikuwa naipata kwa kuuvuta uzi kidogo. Sasa nahamia uzi wa pili ninapoihitaji. Nyimbo zenye akodiani hazina shida, maana akodiani nayo haina noti hiyo.

Baada ya Idd

Waya na risasi ya kuungia. Kwenye mpangilio wa asili, pikapu ya shingo ina kitufe chake cha toni, ya kati ina chake, na ya daraja, ambayo ndiyo kali kuliko zote, haina. Nimeongeza kipande cha waya kwenye swichi ili toni ya kati iitumikie na ya daraja. Na kapasita, kile kijisehemu kinachoondoa ukali ukifunga toni, ya maikrofaradi 0.047 nimeitoa, nimetia ya 0.022. Kwa ile ya zamani ukifunga toni sauti inazama kabisa. Kwa hii inabaki na umbo. Maalim aliposikia alitikisa kichwa cha kukubali, akaendelea kukaza kanuni yake.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kebo. Pikapu na kebo zinafanya kazi pamoja: koili ina uzito wake wa kiumeme, kama henri 2.4, na kila mita ya kebo inahifadhi umeme kidogo kama kapasita, kama pikofaradi 100. Vikikutana, kuna sehemu moja ya sauti inayoinuka kuliko nyengine. Nimepiga hesabu: kwa kebo ya mita 3 kilele hicho kiko karibu na hezi 5,000, kwa kebo ya mita 10 kinashuka hadi kama 3,100. Sikio linaisikia tofauti hiyo bila ya shaka yoyote. Kebo ndefu imenipa ulaini bila ya kugusa kitufe, na ukumbini ndiyo ninayoitumia. Nyumbani, nikipiga peke yangu, narudi kwenye ile fupi ili niusikie ung'avu wote.

Mvumo

Ukumbi wetu wa mazoezi una taa za mirija darini na adapta za simu kila pembe. Umeme wetu ni hezi 50, na gitaa linauimba wote. Nimelifunika tumbo lake lote kwa karatasi ya shaba yenye gundi, nikaiunga na waya wa ethi (wa kwenda ardhini). Ile kelele ya kukwaruza imepungua sana. Mvumo mnene wa transfoma haukwenda popote, na shaba haiwezi kuuzuia, kwa sababu unaingia kwa njia ya sumaku. Dawa yake ni kugeuka: koili inanasa upande mmoja kuliko mwengine, kwa hiyo nasogeza kiti mpaka nipate pembe iliyotulia, na amplifaya naiweka mbali.

Kuna wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uondoke. Nawaomba ndugu zangu, msifanye hivyo. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi hiyo, na vidole vyako viko juu ya nyuzi. Amplifaya ikivuja umeme, njia yake ni mwili wako.

Kusi

Hewa ya chumvi inakula nyuzi upesi, na uzi wenye kutu hauna ung'avu hata pikapu iwe ya aina gani. Kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga, na gitaa halilali nje ya mfuko.

Nimeshauriwa nitie kapasita ndogo kwenye kitufe cha sauti, ili ukali usipotee ninapopunguza. Kwa mpiga roki ni ushauri mzuri. Kwangu mimi kupotea kule ndiko ninakokutaka: mwimbaji akianza shairi narudisha kitufe hadi 6, ukali unashuka pamoja na sauti, kanuni inapata nafasi yake. Likija bashrafu, kipande cha ala bila ya kuimba, narudi 10.

Kilichobaki ni pikapu ya kati. Nimeipima kwa dira, sumaku zake zinatazama upande mmoja na za wenzake, kwa hiyo swichi ikiwa kwenye nafasi ya 2 au ya 4, ambapo pikapu ya kati inalia pamoja na mwenzake, mvumo unabaki pale pale. Nimeagiza nyengine iliyozungushwa kinyume, yenye sumaku zilizogeuzwa. Inakuja na shemegi yangu kutoka Dar kwa boti, na kabla ya kuyeyusha risasi ya kuungia nitaipima kwa dira ile ile.